Swali la Muuguzi Kuhusu Msichana wa Riwaya

Mwenzangu, sikutambua kwamba mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sikutambua kabisa.

Kikundi chetu cha kusoma kilikuwa sebuleni kwangu, kikibishana juu ya ile riwaya chungu ya msichana anayekua huku akili ikimsumbua. Mwenzetu mhasibu alimwita msichana huyo mvivu anayejihurumia. Mimi nilimtetea jioni nzima.

Ndipo mwenzetu muuguzi akauliza, "Nani kati yetu angempokea nyumbani kwake?"

Nikajibu, "Mimi tayari ninaye mmoja, ananitosha."

Wakacheka. Walicheka, mwenzangu, nami nikacheka nao.

Unajua mdogo wangu alikuwa akiishi kwangu tangu alipotoka hospitali. Akaweka sinia mezani taratibu. "Nami nimeisoma, dada. Msichana hakunichosha. Aliyenichosha ni yule dada yake mpole, anayemhurumia mbele za wageni."

Mhasibu akanong'ona, "Huyu ameielewa kuliko sisi."

Nilimfuata chumbani, nikamkuta anakunja nguo. Nikamwambia nilikuwa natania.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana walicheka."

Amehamia kwa shangazi. Simu zangu anapokea shangazi.