Mkomamanga wa Kaburini

Isevya, Tabora

Kwako kaka Rashidi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko gerezani, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, kazi ya ualimu inaendelea, na joto la Oktoba unalijua mwenyewe.

Nilikuandikia kwamba mama alipanda mkomamanga kwenye kaburi la baba, kwa kuwa mti mbichi humpunguzia marehemu dhiki. Aliung'oa Kwihara kwa shangazi Maua, ukiwa na majani tele. Asubuhi ulisimama vizuri, adhuhuri ukalegea, na udongo bado umelowa. Mama akashika lake: baba amekataa kukusamehe kwa lile lililokupeleka gerezani, ndiyo maana mti unakataa maji.

Nilikasirika. Nikamwambia baba hahusiki. Majani yana vitundu visivyoonekana, maji hutokea humo yakiwa mvuke. Jua linavuta mengi, na mizizi iliyokatika wakati wa kung'oa haiwezi kuyarudisha. Akaniuliza ni jani gani lililoniambia hayo. Mama unamjua.

Basi nikafunga mfuko wa plastiki kwenye tawi moja, adhuhuri nikamwonyesha matone yaliyojaa ndani. Aliyatazama, akasema baba yetu analia. Nilichoka kabisa. Nikayachuma majani karibu yote ili mti usiendelee kupoteza maji, kikabaki kijiti, na mama akaninunia.

Haukupita muda homa ikamlaza. Kitandani hakuulizia dawa wala chakula, aliuliza tu kama mti umechipua.

Kaka, keti kwanza. Mama ametutoka Ijumaa, tumemzika kando ya baba. Alfajiri ile aliponiuliza tena, nilimwambia umechipua, una majani mawili. Akasema alhamdulillahi, Rashidi amesamehewa, akageukia ukutani. Haukuwa umechipua. Hata leo bado ni kijiti. Kama baba alikusamehe mimi sijui, hakuwahi kuniambia, na sitakudanganya wewe pia. Mama amekufa akiamini hivyo, nami moyo unaniuma kwa namna nisiyoweza kuieleza.

Shangazi Maua anakusalimu sana, na majirani wote wanakupa pole. Usisuse chakula cha gerezani. Siku watakayokuachia, usianzie makaburini. Njoo nyumbani, sasa nipo peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Shamila