Shoti ya Dereva, Shoti ya Soko: Maelezo ya Mirriam Kemunto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Jeddah, tarehe 19 Februari 2023
Jina: Mirriam Kemunto. Umri: miaka 36. Kazi: muuguzi. Makazi: Al-Naseem, Riyadh.

Mlalamikaji, Ambrose Nyakundi, ni mume wangu. Mtuhumiwa, Jackton Ouma, ni rafiki yake tangu shule, mhasibu hapa Jeddah. Mume wangu anasema Jackton ameiba akiba yetu. Nimeitwa kwa sababu nilikuwepo.

Mnamo mwezi Desemba Jackton alitutembelea Riyadh. Mume wangu alimwomba atuzungushie akiba kwenye hisa za Marekani. Jackton alieleza njia mbili. Ya kwanza, inayoitwa longi, ndiyo yake siku zote: unanunua hisa ikishuka, unakaa nayo siku kadhaa au wiki mbili, ikipanda unauza. Ikikataa kupanda, hasara yako haipiti ulichoweka. Ya pili inaitwa shoti: unaazima hisa za mtu, unaziuza, unaomba bei ianguke ili uzinunue rahisi umrudishie mwenyewe. "Lakini shemeji," aliniambia, "ikipanda, hasara haina dari. Kwa hisa zinazorukaruka, mimi hiyo siigusi." Mume wangu hakusikia. Alikuwa kwenye simu na kafili wake, mwajiri anayemdhamini huku.

Mnamo tarehe 6 Februari, tukiwa tunakula, mume wangu alimpigia Jackton, simu ikiwa kwenye spika. Kulikuwa na kampuni ndogo ya dawa ambayo bei yake ilipanda na kushuka kutwa. Mume wangu akasema, "Hiyo hiyo. Lakini sitaki longi, bro. Nifanyie shoti."

Jackton akauliza, "Shoti? Uko sure, Ambrose?"

"Si nimesema? Shoti, basi, halas."

Mume wangu ni dereva. Kwake shoti ni safari ya kwenda na kurudi, longi ni ya kulala njiani. Mkataba wake unaisha Machi, alitaka hisa ya siku chache tu. Hata mimi nilimwelewa hivyo; maelezo ya Jackton ya Desemba hayakunijia.

Siku iliyofuata dawa ya kampuni ile iliidhinishwa, bei ikaruka mara tatu. Akiba ikaisha yote.

Jana tulikuja kwa basi, tukakutana na Jackton kwenye mkahawa mmoja mtaa wa Sharafiya. Hakukimbia, tulimkuta amefika. Mume wangu akamwita mwizi.

"Uliniambia shoti," Jackton akasema. "Nikakuuliza tena."

"Shoti ni siku chache!"

"Ambrose, ndugu yangu, shoti ni kuuza usichonacho."

Mume wangu akatazama sahani yake. Nimeishi naye miaka kumi na moja, najua anavyokuwa akielewa jambo. Alielewa. Kisha akainuka, akaja hapa kuandikisha wizi.

Njiani nilimwambia, "Baba Cynthia, huyu hakuiba." Akanijibu, "Na nyumbani niwaambie nini? Kwamba tumeliwa na neno?"

Pesa ile imeniuma, maana nusu yake ni jasho langu. Nimelia. Lakini Jackton akifungwa, atarudishwa Kenya na jina la mwizi, na mama yake ataishi nalo. Hakuiba. Alifanya alichotumwa.

Ninayoyajua ni hayo. Nimeyatoa kwa hiari, bila kushikwa mkono na mtu.

Sahihi: M. Kemunto

Kumbukumbu ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa Kiswahili kupitia mkalimani, akakubali ni sahihi. Shahidi aliuliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea, kwa kuwa mumewe anamsubiri mapokezi. Aliambiwa hakuna. Alifunga mtandio wake, akatoka.