Mstari Mzima, Ahadi Nusu

Swahiba, hii ni kweli tupu. Nikiongopa, ulimi unikauke.

Kuna mzee mmoja mstaafu, fundi wa kujifundisha mwenyewe. Simtaji. Katengeneza kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta, ipeleke picha kwenye kumbukumbu upesi.

Amri za kuandika ziko mbili. Ya kawaida inaandika ulichonacho. Ya haraka inaandika mstari mzima wa kumbukumbu kwa mpigo. Mzee kachagua ya haraka kwa kila kitu! Akamtambia binti yake mhandisi: "Ikiharibu chochote, naosha vyombo mwezi mzima."

Leo kaiwasha. Mkewe alikuwa anaandika hotuba ya harusi ya mdogo wake kwenye kompyuta hiyohiyo. Maneno yakageuka vidoti. Vidoti, swahiba!

Binti kaja, kachoka hata kugomba. "Baba, kipande cha mwisho cha picha kilijaza mstari?"

"Nusu. Lakini upesi!"

"Upesi! Amri hiyo ni ahadi, baba. Ukiitoa, kompyuta inatupa nakala yake ya mstari ule, maana umesema utaujaza wote. Maneno ya mama yalikuwa kwenye nakala hiyo tu, hayajaandikwa kwingine."

Mzee akasingizia umeme. Halafu mende.

Mkewe akamkata jicho: "Mende gani huyo anayechagua hotuba yangu?"

Mzee akachomoa kadi. Kachoka, swahiba, kachoka kabisa. Amri ya kawaida ingetosha pale.

Mkewe anaianza hotuba upya. Nisamehe makosa ya herufi, naandika kwa kidole kimoja. Vingine vina povu.