Safu Niliyoikata Katika Kitabu cha Ubatizo

S.L.P. 214,
Port Bell,
Kampala.
14 Julai 1974

Mpendwa ndugu yangu Oryem,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo? Mkeo Concy hajambo? Kifua chake kimepona? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Sukari tu ndiyo haipatikani. Barua hii sikuitia posta. Anakuletea kwa mkono Mama Emérence, yule Mkongo muuza vitenge.

Umeuliza habari za kanisa letu na vitabu vyake, kwa kuwa kasisi wako huko Kisumu anataka cheti chako cha ubatizo. Mimi ndiye karani, basi nitakueleza yote.

Kanisa lilijengwa mwaka 1913 na Waingereza wa bandarini, kwa matofali yaliyochomwa hapa hapa. Walituachia vitabu vitatu. Cha ndoa kililiwa na mchwa. Cha mazishi aliondoka nacho kasisi Mwingereza wa mwisho, miaka miwili iliyopita. Kimebaki cha ubatizo. Kina majina ya Kikristo elfu moja na mia mbili, yameandikwa upande mmoja wa karatasi, na pembeni mwa kila jina kuna safu ya jina la baba na kabila lake.

Mwezi wa tano waliingia askari wawili wakakitaka kitabu hicho. Hawakusema cha nini, lakini unajua watu wa kwetu Acholi wanavyotafutwa. Barnabé, mtunza kanisa, alikuwa akifagia. Akawaambia, "Afande, hakuna kitabu. Mchwa walikula." Akawaonyesha mabaki ya kile cha ndoa. Wakamchukua yeye.

Siku ya sita ikafika, hajarudi. Nilijua askari wakija tena watakikuta kabatini. Kukichoma sikuweza, maana wako watu wasio na karatasi nyingine duniani. Nikatwaa wembe, nikaikata ile safu ukurasa kwa ukurasa, vipande nikavichoma jikoni. Kazi hiyo ilinichukua kutwa mbili.

Jina la baba yetu Opoka lilikuwa ukurasa wa tisini na mmoja. Nalo nililikata. Nisingekata ya wenzetu nikaliacha letu.

Kwa hiyo cheti ninachokutumia kina jina lako, tarehe, na mama yako wa ubatizo, Santina. Mahali pa baba nimepaacha wazi, maana cheti hunakiliwa kitabuni. Mweleze kasisi, kama ni mtu wa kuelezwa.

Barnabé alirudi siku ya tisa kwa miguu yake. Mkono wa kushoto umevimba, meno mawili hana. Kabla ya kuketi aliuliza kitabu kiko wapi. Nikampa. Alifunua kurasa nyingi, akipitisha kidole mahali nilipokata.

"Mama Karani," akasema, "mimi nilishawaambia hakuna. Mwishowe walikubali."

Nilimchemshia uji, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza. Jumapili alifungua milango ya kanisa kwa mkono mmoja. Tangu siku ile hatujalizungumza tena.

Msalimie Concy, umsalimie na mjomba Oloya ukimwona. Mungu awafunike nyote, mlalapo na muamkapo.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,

Anena