Robo Saa kwa Fundi Cherehani

Mama Pacha,

Natumaini wewe na watoto hamjambo hapo kwa dada yako. Mimi nipo, ila miguu imechoka na soli ya kiatu cha kushoto imeshaniaga.

Leo nilitoka na muuzaji mwenzangu mpya kwenda kwa mama mmoja fundi cherehani. Njiani nikawa namfundisha: usiketi kabla hujakaribishwa, usiweke mkoba juu ya vitambaa vya watu, msikilize mteja kwanza. Tulipofika, mimi mwalimu nikaisifia cherehani yetu mpya robo saa nzima. Yule mama akanitazama juu ya miwani: "Baba, umeongea weee, hujaniuliza hata shida yangu ni nini."

Mwenzangu akainama kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Maneno hayo hayo uliniambia mlangoni siku ile unaondoka, begi mkononi.

Kisha ukasema nikuache ufikiri. Mteja akisema hivyo hatumng'ang'anii. Tunaacha kadi, tunarudi baada ya wiki. Hii ni wiki ya tano, na sijathubutu kupiga hodi.

Jumamosi nitakuja, bila mkoba. Nitakuuliza swali lile, halafu nitanyamaza mpaka umalize.

Baba Pacha