Lugulu na Rugulu

Jumatatu, 11 Agosti
Bungoma tena. Mama anafundisha watafiti programu ya R, ya kuchambua takwimu, na mimi napita nyuma yao kurekebisha mabano. Ndiyo likizo yangu hiyo. Yuko daktari wa mifugo, mwanahistoria wa kanisa, mtafiti wa mahindi na muuguzi mmoja, Sista Nafula. Kila mmoja anadai kazi yake ni ya kipekee. Mabano wanayosahau ni yale yale.

Jumanne, 12 Agosti
Mwanahistoria hakuhifadhi kazi ya jana. Amelaumu kompyuta. Wa mahindi anaweka herufi kubwa pasipotakiwa, kisha anashangaa. Nilitaka kuwaambia wasome ujumbe wa kosa, uko hapo kwa rangi nyekundu. Sikusema. Huwa sisemi.

Jumatano, 13 Agosti
Ijumaa Sista Nafula anawaeleza wakubwa wake kliniki ya akina mama inayozunguka vijijini iache kwenda wapi. Jedwali lake linaonyesha Lugulu wanakuja wachache. Yeye mwenyewe haamini, lakini ati kompyuta imesema.

Nimeona kosa. Chini kabisa iko Rugulu. Waliojaza fomu waliandika walivyotamka, na kompyuta imehesabu sehemu mbili.

Sikusema. Watadhani nacheka lafudhi yao. Akina mama wa Lugulu watakosa kliniki kwa sababu mimi naona haya. Najichukia.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama amekaukiwa na sauti. Amenipa kalamu ya ubao, basi. Nilisimama mbele yao.

"Sista, Lugulu na Rugulu ni mahali pamoja."

Kisha mwanahistoria: "Ati msichana wa Kitale anatufunza kutamka? Si nyinyi Wakikuyu mnasema mkurima?"

Walicheka. Masikio yangu yaliwaka.

"Ni kweli," nikasema. "Na kompyuta haijui kwetu wala kwenu."

Sista Nafula hakucheka. "Hebu nionyeshe, mami."

Tuliunganisha majina. Lugulu ikapita sehemu zote.

Ijumaa, 15 Agosti
Kliniki inabaki Lugulu. Mwanahistoria amepoteza faili tena.

Jumamosi, 16 Agosti
Kitale. Mvua. Nimesoma kitandani mpaka Nyanya aliponiita nikamenye viazi.

"Rois."

Tangu nizaliwe sijawahi kuwa Lois kwake. Nimeitika.