Afande ashika mwanzi

Namakwekwe, Jumapili, Juni 1998

Bado nacheka peke yangu.

Mwaka mzima tulimlipa mwenye nyumba, Afande mstaafu, atuvutie waya kutoka kwenye dishi lake. Rimoti alikaa nayo yeye, kwa hiyo alichotazama yeye ndicho tulichotazama wapangaji wote. Mpira ukinoga tu, anahamia mieleka. Siku nilipolalamika alinijibu mbele ya watu, "Wewe Mkenya, kama hapana taka, rudi kwenu."

Sikulisahau hilo neno.

Tukaukata waya wake. Mume wangu akatengeneza antena kwa vifuniko vya sufuria, akaisimamisha juu ya mwanzi mrefu. Stesheni ya Kenya inaingia bure kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwanzoni ilibidi mmoja wetu asimame nje kuushika mwanzi, upepo usiugeuze.

Leo jioni mvua kubwa ikalizima dishi la Afande. Mechi ndiyo kwanza imeanza, huyo mlangoni. "Mama Wanjala, acha mimi naona kidogo."

"Karibu, Afande. Ila picha inapotea mwanzi usiposhikwa. Anza wewe kushika, tutapokezana."

Akatoka gizani, akashika. Kila nikimkumbuka nilipiga kelele dirishani, "Hapo hapo, Afande! Usiachie!"

Hakuna aliyekwenda kumpokea.

Kesho kukipambazuka atauona waya tulioufungia mwanzi ukutani tangu Ijumaa, ajue haukuhitaji kushikwa. Naogopa atatufukuza.

Atufukuze. Kanyeshewa mpaka filimbi ya mwisho.